Nani ana gundu? Kisa cha mtumbwi mmoja wa dagaa

Mtumbwi ni wa mbao, una injini ya kupachika nyuma, taa sita, na wavu wa dagaa wenye matundu ya milimita 8. Unavua Ziwa Victoria kutoka mwalo mmoja, yaani ufuko wa kutia mitumbwi, upande wa Ilemela, mkoani Mwanza. Wanaoingia majini ni wanne: nahodha, wavuvi wawili wazoefu, na kijana aliyetoka Kwimba, mkulima wa mpunga na pamba ambaye kabla ya hapo hakuwahi kulala ziwani hata usiku mmoja. Juu yao yuko tajiri, kama wavuvi wa ziwa wanavyomwita mwenye mtumbwi. Kisa kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia kwenye mialo ya dagaa. Ndiyo maana hakina jina la mtu wala la mwalo, na hesabu zake ni za kisa hiki tu.

Wavuvi wa dagaa huhesabu kazi yao kwa giza, yaani zile siku za mwezi ambazo mbalamwezi haijaushika usiku. Mwezi ukikomaa, mwanga wake unatapakaa ziwa zima, taa hazina tena kitu cha kuwavutia dagaa, na mitumbwi inapandishwa mchangani. Mtumbwi huu ulikuwa unapata wastani wa ndoo 22 kwa usiku, ndoo za lita 20. Baada ya magiza matatu, kuanzia Mei hadi Julai, ukawa unapata 8. Wavuvi walitafuta sababu, na waliipata mapema: kijana ana gundu, yaani nuksi. Giza la pili lilipokwisha wakamshusha, na mgawo wake ukazuiwa.

Kinachotushughulisha hapa ni namna hadithi hiyo ilivyojengeka kwa vipande vya kweli, vipande vya imani na vipande vya kazi, hata watu wenye akili zao na wacha Mungu wakaiamini huku ushahidi wa kuikana ukiwa mbele ya macho yao.

Kwanza kazi yenyewe, maana bila kuijua huwezi kuona hadithi iliruka wapi. Mtumbwi unatoka kama saa 12 jioni. Wakifika kwenye maji wanayoyataka, taa zinashushwa moja moja, kila taa juu ya boya lake, kwa umbali wa mita 50 hadi 100 kati ya moja na nyingine, zote zimefungwa kwenye kamba moja. Zinawashwa kama saa 1:30 usiku. Kisha ni kungoja. Dagaa hawaji kwa pupa. Wanakusanyika chini ya mwanga taratibu, na mvuvi mzoefu huwajua kwa namna maji yanavyometameta chini ya taa. Mvuto wa kwanza wa wavu huwa karibu na saa 4, wa pili saa 7, wa mwisho kabla ya saa 10 alfajiri. Taa inazungushiwa wavu kwa utulivu. Ukigonga ubao wa mtumbwi, au taa ikizimika ghafla, kundi linashuka chini na usiku huo umekwisha.

Mtu mgeni hapewi wavu, anapewa taa. Anakaa mbele, anaziangalia zote sita, na ikizimika moja anasema. Ndiyo kazi ndogo kuliko zote mtumbwini, na ndiyo aliyopewa kijana wa Kwimba.

Mwezi Mei tajiri aliongeza mwanga. Taa zilikuwa na balbu za wati 5, akanunua za wati 10. Betri akaziacha zilezile: za risasi, volti 12, za ukubwa wa pikipiki, zenye ujazo wa ampea-saa 7. Nahodha ni mzee wa kanisa lake, na alizipeleka balbu ibadani pamoja na wavu. Mchungaji akaviombea vifaa, waumini wakaitikia Amina, tajiri akatoa sadaka. Jumatatu iliyofuata balbu ziliingia majini kwa mara ya kwanza, na usiku huohuo kijana naye akaingia. Yeye hakuombewa. Hakuna aliyefikiri kwamba anahitaji.

Hapo ndipo penye fundo la kisa. Mambo mawili mapya yaliingia mtumbwini usiku mmoja. Moja lilikuwa limebarikiwa hadharani, lilikuwa limegharimiwa na tajiri, na lilikuwa fahari ya nahodha. La pili lilikuwa kijana asiyejua kuogelea, anayetapika mawimbi yakichafuka. Mapato yaliposhuka, macho ya watu yalikuwa na pa kwenda na pasipokwendeka. Kuitilia shaka balbu kungekuwa kuitilia shaka baraka, pesa za tajiri na uamuzi wa nahodha kwa mpigo mmoja. Hakuna aliyelificha hilo kwa makusudi. Halikuwajia tu.

Hadithi haikukaa peke yake. Ilitafutiwa nguzo, na nguzo ikapatikana kwenye Biblia. Nahodha alikumbusha habari za Yona: tufani ilipoipiga merikebu, mabaharia walipiga kura wajue balaa limetoka kwa nani, kura ikamwangukia Yona, akatupwa majini, bahari ikatulia. Mvuvi wa pili ni Mwislamu, na habari za Nabii Yunus anazijua tangu madrasa: jahazi lililosheheni, kura, samaki. Kwa hiyo dini mbili zilikutana juu ya ubao mmoja, na zote zilionekana kusema neno lilelile, kwamba ndani ya chombo kunaweza kuwa na mtu ambaye akitoka mambo yanatengemaa. Ukiongeza hadithi za zamani za pwani za ziwa hili, za mwenye maji anayeudhika na kunyima, kama Mugasha wa Wahaya au Mukasa wa Waganda, utaona kwamba wazo hilo halikuhitaji kusukumwa. Liliteleza lenyewe.

Basi kijana akashushwa. Giza la tatu likaingia bila yeye, na mapato yakazidi kuporomoka.

Mtu angetarajia hadithi ife hapo. Haikufa. Ilibadilika ndani ya siku tatu: gundu limebaki, kijana ameacha kitu chini ya mbao. Mtumbwi ukapinduliwa mchangani, ukasuguliwa. Nahodha akatangaza mfungo wa siku tatu huku wakiendelea kutoka kila jioni. Hili tulitaje kwa uzito wake. Mtu aliyefunga tangu alfajiri na asile jioni, kisha akavute wavu uliolowa hadi alfajiri nyingine, mikono inakufa ganzi na kichwa kinakuwa chepesi. Usiku wa pili mmoja wao aliteleza ukingoni, akadakwa kwa fulana. Mfungo kama huo ungefaa siku za mbalamwezi, mitumbwi ikiwa nchi kavu. Nahodha hakumuuliza mtu.

Aliyelivunja jambo ni mama anayenunua dagaa wabichi pale mwaloni na kuwaanika. Hakukusudia. Yeye ana daftari. Kila alfajiri anaandika ndoo ngapi kapokea kutoka mtumbwi gani, kwa sababu analipa baada ya kuuza wakavu soko la Mwaloni Kirumba, na asipoandika watagombana. Ni daftari la shule la kurasa 96, jalada limelowa na kukauka mara nyingi hadi limekuwa gumu kama ubao. Kati ya kurasa kuna magamba madogo yaliyogandia na kung'aa kama bati ukiligeuza daftari juani. Safu ya kushoto ni tarehe, katikati alama ya mtumbwi, kulia ndoo. Hakuna maelezo. Huwezi kuomba kumbukumbu safi kuliko hiyo, maana mwandishi wake hakuwa na hadithi ya kuitetea.

Daftari lilisema hivi. Aprili, kabla ya balbu na kabla ya kijana, wastani ulikuwa ndoo 22. Mei, giza la kwanza la kijana, ndoo 25. Juni, 14. Julai, bila kijana, 8. Mtumbwi wa jirani, wenye taa sita vilevile na unaovua maji yaleyale, ulikuwa na 21, 20, 18, 17.

Soma tena namba ya Mei. Giza zima kijana alipoanza kazi, mapato yalipanda. Wavuvi wote watatu walikuwa wamesahau. Na namba za jirani zinatoa sehemu ya ziwa: upepo wa kusini-mashariki unaovuma Juni hadi Agosti huyavuruga maji, na karibu kila mtumbwi hupungukiwa. Lakini ziwa lilimpunguzia jirani ndoo nne. Hawa lilikuwa limewapunguzia kumi na nne, na tofauti hiyo ilikuwa ndani ya mtumbwi wao.

Kikao kiliitishwa siku za mbalamwezi, Jumanne, saa 4 asubuhi. Muda huo una sababu. Asubuhi ya kutoka ziwani haifai, watu hawajalala na wana hasira. Ijumaa mchana ina swala, Jumamosi mwaloni kuna Wasabato wamepumzika, Jumapili ina ibada. Waliitwa nahodha, wavuvi wawili, tajiri, mama mwenye daftari, mzee mmoja wa kanisa la nahodha, na kijana mwenyewe, aliyepigiwa simu huko Kwimba alikokuwa anavuna mpunga.

Kosa la kwanza lilitokea kabla ya neno kusemwa. Kijana alikaa peke yake juu ya jiwe, wengine wanne wakamkabili. Ilikuwa mahakama tayari. Mama akamwambia, "Njoo ukae huku, baba, kivuli kipo," akamsogezea ndoo iliyopinduliwa karibu yake. Bila hilo kikao kingekwisha kwa kijana kuomba radhi kwa kosa asilolijua, na vikao vingi vya namna hii huishia hapo.

Kanuni iliyowekwa ilikuwa moja: kila mtu asimulie tangu mwanzo wake, asikatizwe, asijibiwe. Wasimamizi wengi hukimbilia kuuliza "nani ana makosa", na jibu la swali hilo kila mtu amekuja nalo mfukoni. Swali la kuuliza ni hadithi inaanzia wapi. Nahodha alianza, "Tangu huyu dogo aingie." Tajiri alianza, "Tangu niongeze mwanga." Hawakugundua kwamba wametaja usiku mmoja. Mvuvi wa kwanza alianzia usiku wa upepo mkali mwezi Juni. Kijana alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Nilipofika taa zilikuwa zinawaka mpaka asubuhi. Baadaye zikaanza kulala. Nilisema."

Nahodha akauliza alisema lini.

"Nilisema saa saba ile, wakati wa mvuto wa pili. Nikaambiwa, dogo, wewe mtu wa bara, taa utazijulia wapi."

Hakuna aliyekana. Yule ambaye kazi yake pekee ilikuwa kuziangalia taa, na ambaye hakuwa na wavu wala usukani wa kumtoa macho, ndiye aliyeona. Hadithi ya gundu ilikuwa imemwondoa shahidi pekee.

Baada ya hapo zilipangwa kokoto mchangani: kila usiku kokoto moja, mistari minne, mwezi kwa mwezi, mama akisoma daftari. Penye ndoo 20 au zaidi kokoto kubwa, chini ya hapo ndogo. Kwa watu ambao hawajazoea safu za namba, mstari wa Mei uliojaa kokoto kubwa ulifanya kazi ambayo maneno yasingeifanya. Nahodha aliinama akazihesabu mwenyewe, mara mbili.

Hapo ndipo mzee wa kanisa alipofungua Biblia, na hatua hii ndiyo tunayoiona nzito kuliko zote. Angeweza kusema waache kuchanganya dini na samaki. Wangemwitikia, kisha wangeendelea kuamini walichoamini. Yeye alisoma Yona sura ya kwanza yote, polepole. Wakasikia kwamba mabaharia walitupa kwanza shehena. Wakasikia kwamba Yona alijitaja mwenyewe, kuwa tufani imekuja kwa ajili yake. Wakasikia, kwenye mstari wa 13, jambo ambalo nahodha hakuwahi kulisimulia: hata baada ya kura, hata baada ya Yona kusema wamtupe, watu wale walivuta makasia kwa nguvu wajaribu kwanza kuirudisha merikebu nchi kavu.

Mvuvi Mwislamu naye akaongeza la kwake. Akasema dua ya Nabii Yunus ndani ya giza la samaki ni ya mtu kujishtaki nafsi yake, kwamba alikuwa miongoni mwa waliodhulumu. "Huyu dogo hatukumsikia akijitaja," akasema. "Sisi ndio tuliomtaja."

Kisha mzee akasoma Luka 5, ile ya Petro kukesha bila kupata kitu na kushusha nyavu kwa neno la Bwana. Kila mvuvi Mkristo wa ziwa hili anaijua, lakini wengi wanaijua kuanzia samaki wanapojaa. Mzee aliusoma mara mbili mstari wa pili: wavuvi walikuwa wametoka vyomboni, wanaosha nyavu zao. Akamuuliza nahodha mara ya mwisho lini walikagua vifaa. Nahodha akajibu kwamba viliombewa Mei. Mzee akasema, "Kuombewa viliombewa. Nimeuliza kukaguliwa."

Hakuna hadithi iliyofukuzwa kwenye kikao hicho. Zilisimuliwa nzima, pamoja na sehemu za kazi zilizokuwa zimerukwa: makasia, shehena, kuosha nyavu. Mtu aliyebanwa na shida hurukia mwisho wa hadithi, kwa sababu mwisho ndio una nafuu anayoitafuta. Anayeisoma nzima anakuta watu wa imani kubwa wakishughulika na kamba na mbao katikati ya muujiza.

Jioni ileile taa sita zilitundikwa kwenye vichanja vya kuanikia, zikawashwa saa 1:30 kama zinavyowashwa ziwani. Betri zilikuwa zimechajiwa na kupumzishwa saa moja kabla ya kupimwa kwa mita ya fundi. Betri nzima ya aina hiyo husoma volti 12.6 au zaidi. Mbili zilifikia hapo, nne zilikuwa chini ya 12.2. Kabla ya saa 6 usiku taa nne zilikuwa zimefifia kama makaa yanayokufa. Watu wote wa mwaloni walikuja kuangalia.

Hesabu yake ni nyepesi. Balbu ya wati 10 kwenye volti 12 inakula karibu ampea 0.8. Ikiwaka kwa saa nane inakuwa imekula ampea-saa 6.7 kati ya 7, yaani betri imenyonywa hadi mwisho. Balbu ya wati 5 ingekula nusu ya hiyo. Betri ya risasi ikinyonywa hivyo kila usiku, ujazo wake unapotea haraka. Na fundi wa kuchaji alikuwa anakaa nazo saa nne tu kwa sababu ya foleni, kwa hiyo hazikujaa, na zilibaki na njaa mchana kutwa. Chumvi nyeupe hugandia kwenye risasi, na haitoki kwa kuchaji tena. Ndiyo maana Mei ilikuwa neema: betri zilikuwa bado na nguvu, na mwanga mara mbili ulileta dagaa zaidi. Ndiyo maana pia Juni mvuto wa kwanza ulikuwa bado mzuri, na wa pili na wa tatu ukawa maji matupu.

Wavu nao ulikutwa na mpasuko wa shibiri mbili karibu na tumbo. Ulishonwa asubuhi.

Njia zilikuwa mbili. Kubaki na wati 10 na kununua betri za ampea-saa 14 au zaidi, ili usiku ule nusu tu, au kurudi wati 5 na kubadilisha betri nne zilizokufa. Tajiri alichagua ya pili, kwa sababu balbu za zamani zilikuwa bado stoo. Wakakubaliana na fundi betri zikae kwenye chaji saa kumi kwa mkondo mdogo, na mita ikanunuliwa ikae mwaloni. Agosti, upepo ukiwa bado unavuma, daftari liliandika wastani wa ndoo 18. Jirani 17.

Lilibaki suala ambalo watu hupenda kulipita kimya: hadithi ya gundu ilimfaidi nani? Kwenye mtumbwi huu, matumizi yakishatolewa, nusu ni ya tajiri na nusu ya wavuvi. Nusu ya wavuvi inagawanywa mafungu matano, nahodha mawili, wengine moja moja. Fungu la kijana lilikuwa sehemu moja ya kumi ya mapato halisi. Alipodaiwa kuwa na gundu, fungu lake la giza zima la pili lilibaki mikononi mwa wengine, na hakuna aliyeona haya kulila, kwa sababu nani amlipe mtu aliyewaletea balaa? Hatudai kwamba walimsingizia ili wamle fedha. Waliamini. Lakini imani ile ilikuwa na kipato, na mtu haichunguzi haraka imani inayomlipa. Mama ndiye aliyetaja jumla, kutoka kwenye daftari. Ililipwa kwa awamu tatu.

Jumapili moja ya Septemba nahodha alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alimshukuru Mungu kwa kurudisha samaki, akataja betri, akaeleza hata volti, na waumini wakaitikia Amina. Kijana hakumtaja. Mzee alimfuata nje baada ya ibada, wakasimama muda mrefu chini ya mwembe. Jumapili iliyofuata nahodha alisimama tena, akasema kuna jambo aliliacha.

Kijana hakuwapo kulisikia. Alirudi Kwimba na pesa ya awamu ya kwanza, na nyingine mbili zikatumwa kwa simu. Mdogo wake alipotaka kuja kuvua, alimzuia. Nyumbani kwao, anapoulizwa kwa nini aliacha kazi Mwanza, bado anasema ziwa lilimkataa.